Mwongozo wa Kupata Brusela Kazini, kwa Asiye na Haraka ya Kupona

Kazi ya mifugo ina marupurupu ambayo hayaandikwi kwenye mkataba, hasa kwa kuwa mkataba wenyewe huwa haupo. Kubwa kati ya hayo ni brusela. Vitabu vya zamani viliiita homa ya Malta; mabwana mifugo wanaiita ugonjwa wa kutupa mimba, maana wao wanaitazama kutokea upande wa ng'ombe; na zahanati nyingi, kama utakavyojionea, zinaiita malaria.

Mwongozo huu ni wa mchunga ng'ombe, mkamuaji, mchinjaji, mbeba nyama, daktari wa mifugo na kijana anayembebea begi, mtu wa maabara, na mama anayelala chumba kimoja na vitoto vya mbuzi majira ya baridi. Hakuna mtaji unaotakiwa, wala cheti. Bakteria wenyewe, Brucella, hawana makuu: mdomo wanaupenda, pua hawaikatai, jicho kwao ni mlango, na mchubuko wa kidoleni uliousahau tangu juzi unawatosha kabisa. Kwa njia ya hewa, wataalamu wanakadiria kwamba bakteria 10 hadi 100 wanaweza kumlaza mtu mzima. Ng'ombe mmoja aliyetupa mimba anamwaga mabilioni kwa usiku mmoja. Ondoa hofu ya kukosa.

Wala usibague mnyama. Ng'ombe ana ya kwake, abortus. Nguruwe ana ya kwake, suis. Na mwenye mbuzi au kondoo asijione amepunjwa, kwani wanyama wake ndio wenyeji wa melitensis, ambayo humkamata binadamu kwa ukali kuliko zote. Ngamia naye yumo.

Usiku, zizini

Mahali bora pa kuanzia ni zizini, na saa bora ni ile ambayo kila mwenye akili amelala. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku kidogo. Brusela hupenda kuikatisha kuanzia mwezi wa tano kwenda mbele, yaani wakati ndama ameshapata umbo na mwenye ng'ombe ameshaanza kupiga hesabu ya maziwa. Utamkuta mtamba amejitenga pembeni, mkia umeinuka, kitu kinaning'inia nyuma. Chini, kwenye samadi, kuna ndama mdogo aliyelowa, manyoya hayajamwota vizuri, hapumui. Waoga huondoka hapo wakatafute glavu, gambuti na aproni. Wewe kunja mkono wa shati.

Kondo la nyuma likibaki ndani, na kwenye ugonjwa huu hubaki mara nyingi, usimngojee bwana mifugo. Ingiza mkono, kiganja kikitangulia, mpaka begani. Ndani utakutana na vifundo vigumu kama vifungo vya koti, vingi, kila kimoja kimeng'ang'ania ukuta wa mji wa mimba, nawe utavibandua kimoja kimoja kwa ncha za vidole pasipo kuona kitu. Ni kazi ya muda mrefu. Shavu lako litakuwa limeegemea paja la ng'ombe, pumzi zenu zikipishana na harufu unayoijua, na kila akisukuma, majimaji ya kahawia yatakurukia usoni. Usifumbe macho. Yakikuingia mdomoni, tema kwa adabu na uendelee. Ukimaliza, jifute kwa majani; na kama ni lazima unawe, nawa kwenye ndoo ile ile utakayokamulia alfajiri.

Sasa yule ndama mfu. Kuchimba shimo refu na kutia chokaa ni kujichosha, na mbwa wako tangu jioni hawajala. Watupie. Mmoja atakula pale pale, mwingine ataburuta kipande hadi penye nyasi ndefu karibu na mahali mnaponyweshea, na hapo ndipo mpango unapokaa sawa: jua kali huwaua bakteria hawa upesi, lakini penye kivuli na unyevu wanaweza kuishi wiki nyingi, hata miezi. Ng'ombe wengine watakuja kunusa na kulamba. Ng'ombe ni mnyama mdadisi.

Niseme jambo moja nje ya utaratibu wa miongozo. Glavu ndefu za kufika begani, ukizitafuta katika duka la pembejeo la kijijini, mara nyingi utaambiwa zimeisha, na mtamba aliyekwama hangoji mzigo kutoka mjini. Semina nyingi za wafugaji hufunguliwa kwa kuwalaumu kwa mikono mitupu na hufungwa kwa soda. Ningependa siku moja mtoa mada awaletee wasikilizaji wake katoni ya glavu badala ya fulana yenye nembo ya mradi.

Turudi kwenye ng'ombe. Usimpime. Kwa kawaida hutupa mimba mara moja tu. Inayofuata huenda ikafika salama, na kijiji kizima kitasema amepona. Hajapona. Ataendelea kuwatoa bakteria kwenye maziwa, na kila akizaa atawamwaga upya, mwili ukiwa umenawiri na hamu ya kula ikiwa nzuri. Ukimchoka, mpeleke mnadani. Mnunuzi mwerevu atamfungua mdomo ahesabu meno, atambinya nundu, atamzunguka mara mbili. Akiinama kuona magoti ya mbele huenda akakuta uvimbe laini wenye maji, ambao brusela ya muda mrefu huuacha kwa ng'ombe wengi wa Afrika.

"Goti hili vipi, mzee?"

"Alijikwaa njiani, mwanangu."

Atapakiwa kwenye lori pamoja na wenzake kutoka minada mingine, na mwisho wa wiki atakuwa mbali sana, zizini kwa mtu ambaye hajawahi kuuona ugonjwa huu. Ukiwa na dume, liazimishe kwa majirani. Ukiwa na mitamba wadogo, usiwachanje. Chanjo ya ng'ombe iitwayo S19 ipo tangu karne iliyopita, na kama imedumu muda wote huo bila wewe kuitumia, itadumu tena.

Machinjioni, buchani na maabara

Mwenye kufanya kazi machinjioni hana haja ya kungoja msimu wa kuzaa, maana kwake wanafika wote: waliozeeka, waliokonda, na hasa wale waliouzwa kwa sababu "hawashiki mimba." Hakuna anayemwambia historia yao. Kisu chake kikitaka kupumzika, akiume kwa meno huku mikono miwili ikivuta ngozi. Kidole kilichokatika asubuhi akifunge kwa kipande cha nailoni na aendelee. Akikuta mji wa mimba wenye mimba, autumbue hapo hapo sakafuni, kisha apige maji ya bomba kwa nguvu ili matone yaruke hewani na kila aliye chini ya paa lile apate mgawo wake. Mbeba nyama ashike paja, aliweke begani juu ya koti ambalo zamani lilikuwa jeupe, na damu imteremkie shingoni hadi kiunoni wakati anakimbia nalo kwenye gari. Koti alifue nyumbani, kwenye beseni la nguo za watoto.

Madaktari wa mifugo wasidhani usomi utawanyima nafasi. Chanjo ya brusela ya ng'ombe ina bakteria hai waliopunguzwa makali, na mtamba anayerusha mateke ni msaidizi mzuri wa kuielekeza sindano kwenye kidole gumba cha mchanjaji. Anayetaka mafanikio makubwa zaidi atumie chanjo ya RB51. Bakteria wake hawaonekani kwenye vipimo vya kawaida vya damu, na hawaisikii rifampicin, ambayo ni moja ya dawa kuu za tiba. Utaugua, kipimo kitasema huumwi, na nusu ya dawa haitafanya kazi.

Kwa mtu wa maabara ni rahisi kupita wote. Brusela ni miongoni mwa maambukizi ya bakteria yanayowapata watu wa maabara mara nyingi zaidi duniani, kwa hiyo ana mila ya kuiendeleza: afungue sahani ya kuoteshea vijidudu juu ya meza, isiyo na kabati la kufyonza hewa, kisha ainuse ajue ni kitu gani. Na asiyependa juhudi binafsi angoje kiwanda kimfanyie. Mwaka 2019, katika jiji la Lanzhou nchini Uchina, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza chanjo ya brusela ya mifugo kilitumia dawa ya kuua vijidudu iliyopitwa na muda. Hewa chafu ikatoka na bakteria hai, upepo ukaibeba, na watu zaidi ya 10,000 wakaja kukutwa na dalili za maambukizi kwenye damu. Wengi wao hawakuwa na hata kuku.

Maziwa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu njia hii kila mtu anaijua na ni ya watu wote, haina ufundi wa kikazi. Kunywa mabichi. Joto la nyuzi 63 kwa nusu saa, au 72 kwa sekunde 15, linatosha kuwaua bakteria hawa. Sufuria ikichemka mpaka maziwa yakapanda, umepoteza kila kitu. Kwa sababu hiyo jihadhari sana na chai ya maziwa inayopikwa Kenya, ambayo maziwa na majani huchemshwa pamoja hadi yanafoka: chai hiyo imewaharibia bahati watu wengi. Mtindi, sawa, kuganda hupunguza bakteria ila hakuhakikishi kwamba wameisha. Maziwa ya ngamia yanywe yalivyotoka, na anayekushauri uyachemshe mjibu kwamba yatapoteza dawa yake. Kisusio ambacho damu yake haikuiva sawasawa nacho kinakubalika.

Atakayekuuliza umejifunza wapi, mtajie waliotangulia. Wanajeshi wa Uingereza kisiwani Malta waliugua homa hii mwaka baada ya mwaka, wakalaumu hewa, mitaro na jua. Mwaka 1887 daktari wao David Bruce akampata mdudu kwenye wengu za marehemu. Ni Bruce huyu huyu aliyekuja Uganda mwaka 1903 kushughulikia malale, naye ni miongoni mwa watu wachache ambao jina lao wamepewa vijidudu viwili vya magonjwa mawili tofauti. Lakini mdudu alitoka wapi? Hilo halikujulikana mpaka mwaka 1905, pale daktari wa Malta mwenyewe, Themistocles Zammit, alipowapima damu mbuzi waliokuwa wakipitishwa mitaani kukamuliwa mlangoni pa mteja. Walikuwa wazima wa afya. Walikuwa nayo. Mwaka uliofuata wanajeshi walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikashuka kambini kwa kishindo. Raia wa Malta, ambao hawakupewa amri yoyote, waliendelea nayo.

Mwaka huo huo wa 1905 meli iitwayo Joshua Nicholson ilipakia mbuzi wa Malta kupeleka Marekani. Safari ni ndefu, mabaharia wana kiu, mbuzi wana maziwa. Wengi waliokunywa waliugua, na wale mbuzi walikuwa wamenunuliwa kwa sifa ya afya njema.

Na kuna Alice Evans, mtaalamu wa bakteria wa Marekani, aliyeandika mwaka 1918 kwamba mdudu wa mbuzi wa Malta na yule wa ng'ombe wanaotupa mimba ni ndugu wa karibu, na kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe ni hatari kwa watu. Wakubwa wa fani walimpuuza: hana shahada ya udaktari, tena ni mwanamke. Mwaka 1922 aliambukizwa maabarani, akaugua kwa vipindi miaka karibu ishirini, na katika hiyo wapo madaktari walioyaona maradhi yake kuwa ya mawazo tu. Hakuna aliyeufahamu ugonjwa huo kumzidi yeye, na bado hakuaminiwa alipoumwa. Mchunga ng'ombe wa kwetu ategemee nini?

Zahanati

Baada ya kuambukizwa, tulia. Dalili huja kwa kawaida baada ya wiki moja hadi nne, na mara nyingine hukawia miezi. Kukawia huko ndiko kunakosaidia: usiku wa yule mtamba utakuwa umeshausahau.

Kisha homa inaanza, nayo ni homa yenye ratiba. Asubuhi huna kitu, unaongea, unacheka. Jioni mwili unachemka, usiku jasho linatoka mpaka shuka unaikamua. Viungo vinauma, kiuno na nyonga hasa, chakula hakipiti, uchovu unakaa kwenye mifupa. Inaondoka siku kadhaa, inarudi. Nyumbani watakuona mzima saa nne asubuhi umekaa kivulini wakati wenzako wamekwenda malishoni, na jina utakalopewa utalisikia kwa majirani: mvivu. Mama mkwe atalisema kwa sauti ya chini, shemeji kwa sauti ya juu.

Utakwenda zahanati. Umevaa gambuti zenye samadi iliyokauka kwenye visigino, fimbo umeiegemeza mlangoni, shuka lako linanuka moshi na mbuzi kiasi kwamba aliyekaa nawe kwenye benchi amesogea. Mtabibu ni kijana, ameamka saa kumi na moja, mbele yake kuna foleni ya watu arobaini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nini kinakusumbua?"

"Homa. Inakuja jioni, inaondoka asubuhi. Na mgongo huu."

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma."

"Unatapika?"

"Hapana, ila chakula sina hamu nacho."

"Ukikojoa unasikia kuchoma?"

"Kidogo tu, mwanangu. Siyo sana."

"Haya. Kapime malaria na mkojo, urudi na majibu."

Kwenye daftari lako ataandika malaria. Malaria isipoonekana ataandika taifodi. Taifodi ikikataa, basi UTI, ambayo haijawahi kumkataa mtu. Mgongo utapewa sababu yake peke yake: kazi nzito, umri.

Hesabu maswali hayo, kisha utafute lililokosekana. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawashauri matabibu waongeze swali moja kwenye yale waliyorithi kwa Hippocrates: unafanya kazi gani? Lina maneno matatu, halihitaji umeme wala kitendanishi, na jibu lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Kila ushauri uliomo kwenye mwongozo huu, kuanzia ndoo hadi kisu cha menoni, unategemea swali hilo liendelee kutoulizwa. Likiulizwa, kazi yetu yote imeharibika kwa nusu dakika.

Simlaumu kijana yule kwa foleni yake. Lakini mambo yalivyo yanajulikana. Katika hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia kwa vipimo vya kina wagonjwa zaidi ya 800 waliolazwa kwa homa. Karibu 61 katika kila 100 walidhaniwa kuwa na malaria. Walioonekana kuwa nayo kweli hawakufika 2 katika kila 100. Homa za bakteria zitokazo kwa wanyama, brusela ikiwa mojawapo, zilikuwa nyingi kuliko malaria kwa mbali sana. Moshi, ambako mbuzi amefungwa nyuma ya kila nyumba ya pili.

Upande wa Kenya wamegundua njia nyingine, ya kutibiwa brusela usiyokuwa nayo. Kuna kipimo cha haraka, tone la damu na tone la antijeni kwenye kigae, kinachotumika katika vituo vingi. Watafiti waliokirudia kwa vipimo bora zaidi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walikuta kwamba wengi mno wa walioambiwa wanayo hawakuwa nayo. Kwa hiyo mchunga mmoja mwenye brusela anameza dawa ya malaria, na karani wa benki mwenye mafua anachomwa sindano za brusela. Kwa ujumla dawa zinatumika.

Ukishindwa kabisa kuendelea kufichika, mwili utakusaidia kujitangaza. Wanaume wengine huvimba korodani, na hilo, kuliko homa ya miezi mitatu, ndilo linalomfikisha mwanamume hospitali ya wilaya, tena usiku, tena bila kumuaga mke. Mgongo nao unaweza kuharibika kweli, pingili za uti zikaliwa. Wachache, chini ya 2 katika kila wagonjwa 100, hufa, na wengi wa hao ni kwa sababu bakteria wameingia kwenye vali za moyo. Mwanamke mjamzito anaweza kupoteza mimba. Katika boma ambalo mbuzi watano wametupa mwezi huo huo, mkono wa mtu utatafutwa, na atapatikana jirani wa kumsingizia.

Dozi

Tuseme bahati mbaya imekukuta: umekutana na daktari aliyekuuliza, umepimwa sawasawa, umeandikiwa dawa. Bado hujachelewa. Tiba ya kawaida ni doxycycline mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na rifampicin kwa wiki hizo hizo 6, au badala yake sindano za streptomycin kwa wiki 2 hadi 3 za mwanzo. Wiki sita ni muda mrefu kwa mtu mwenye ng'ombe. Homa itakata mapema, huenda wiki ya kwanza tu, na hapo ndipo pa kuacha. Vidonge vilivyobaki mpe shemeji, naye alikuwa na kikohozi.

Kama utasitasita, rifampicin yenyewe itakusukuma: itaugeuza mkojo wako rangi ya chungwa, hata jasho na machozi. Kwa kuwa hakuna aliyekuonya pale dirishani, utahitimisha kwamba dawa inakukata figo. Utaacha. Ugonjwa unaweza kurudi hata kwa waliomaliza dozi. Kwa walioacha nusu, hurudi kwa urahisi zaidi, na utaanza upya, malaria kwanza.

Na hata ukipona kabisa, zizi ni lile lile. Ng'ombe hakumeza doxycycline. Binadamu hatuna chanjo yetu ya kuchanjwa hapa, kwa hiyo msimu ujao wa kuzaa unakaribishwa.

Mafao

Hakuna anayeweza kusema dunia haijaitambua juhudi yako. Katika orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, kundi la magonjwa ya vijidudu linaanza na brusela. Ni ya kwanza, mbele ya kifua kikuu, mbele ya kimeta. Tanzania ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake. Kenya ina sheria ya mwaka 2007. Tanzania ilipopanga, mwaka 2017, magonjwa sita ya wanyama na watu ya kupewa kipaumbele chini ya mpango wa Afya Moja, brusela iliingia.

Basi chukua daftari lako la zahanati na uende kwa tajiri. Tajiri ni mtu mwema. Ana ng'ombe mia mbili, anaishi mjini, na anakulipa mtamba mmoja kila mwaka, akimtoa kwenye zizi hilo hilo unalolijua. Mweleze kwamba umeugua kwa sababu ya kazi yake, na kwamba sheria ipo. Atavaa miwani. Atafungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, akilowesha kidole, maana hataki kumdhulumu mtu.

"Malaria," atasoma. "Malaria. UTI. Malaria. Mgongo, kazi nzito. Malaria tena." Atafunga daftari akurudishie kwa mikono miwili. "Pole sana, kijana wangu. Lakini hebu niambie, hao mbu niliwaajiri mimi?"